Siku Zuhura Alipoacha Kucheza

Kila jioni bajaji ya Salehe ilipokata kona ya duka la Alois, pale Mafiga, ilipiga honi mara mbili. Pii, pii. Hiyo haikuwa honi ya kumwonya mtu barabarani. Ilikuwa honi ya Zuhura.

Zuhura alikuwa na miaka sita. Akiisikia honi, aliacha chochote alichoshika, hata kama ni kijiko chenye uji, akatoka mbio. Salehe alisimamisha bajaji mbele ya nyumba, akaipiga tena honi, sasa kwa mapigo, na mtoto akacheza. Alirusha miguu. Alizunguka mpaka akaanguka. Alicheka, akainuka, akaanza upya. Mwisho alisogea, akasema, "Shikamoo baba." Naye Salehe akajibu, "Marahaba, mwanangu." Majirani waliokuwa wakichota maji walisimama kutazama. Hakuna siku Salehe alifika nyumbani amechoka akabaki amechoka.

Msomaji alikumbuke jambo hilo, maana baadaye Salehe mwenyewe alilisahau.

Mkewe, Mwamvita, alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, na sauti ya cherehani yake ilikuwa ngoma nyingine ya Zuhura. Mwamvita alikuwa na mkasi mmoja mkubwa mweusi. Mkasi ule ulikata kitambaa tu. Fundi yeyote atakwambia kwamba mkasi wa kitambaa ukikata karatasi siku moja, umekwisha makali. Ndani ya nyumba ile mtu aliruhusiwa kugusa kila kitu, isipokuwa mkasi wa Mama Zuhura. Hata Salehe alikuwa akiuogopa.

Walielewana vizuri kwa mambo mengi. Jambo moja liliwashinda, nalo ni ngoma.

Mwamvita ni Mluguru wa Kinole, huko juu mlimani. Ndugu zake wengi wamehamia mjini. Likizo za shule zikifika, shughuli haziishi. Leo anatolewa mwali huyu, kesho yule. Turubai linafungwa barabarani, spika kubwa zinapangwa, wanawake wanavaa madera ya sare, na mtaa mzima haulali. Mwamvita hakukosa hata shughuli moja, na kila alikokwenda alikwenda na Zuhura.

Salehe hakupenda. Baba yake alitoka Kondoa kuja kukata miwa, na Salehe alilelewa akijua kwamba ngoma za wanawake zina wenyewe. Alimwambia mkewe kwamba zile ni ngoma za watu wazima. Mwamvita alimjibu kwamba mtoto mdogo haoni ubaya, anaona mchezo. Tena mtoto ana kipaji, akasema, na kipaji hakifichwi uvunguni. Kisha akaongeza, "Wewe mwenyewe unampigia honi."

Hapo Salehe aliguna. Alikuwa mtu wa kuguna. Neno la maana likimfika kooni alilimeza, akawasha bajaji, akaondoka. Lakini kuguna si kukataza. Mke hawezi kulitii neno ambalo mume hakulisema.

Mwezi wa sita akatolewa mwali Furaha, binti wa dada yake Mwamvita. Mwamvita ndiye aliyeshona sare, madera ya njano ya wanawake wote wa ukoo. Vipande vilibaki. Akamshonea Zuhura dera dogo la njano, sawasawa na la mama yake.

Salehe hakuwepo kwenye shughuli. Alisimuliwa. Mwamvita alirudi sauti imekauka kwa vigelegele, uso unang'aa. Alieleza jinsi wanawake walivyofungua duara wakamwingiza Zuhura katikati. Mtoto akacheza vilevile kama wakubwa, hakuacha hata mtindo mmoja. Wakamtunza, wakamwekea noti kwenye paji la uso. Mwamvita alikuwa amemchukua video, na alikwisha kuiweka kwenye status yake ili ndugu wa Kinole nao waone. Alimwonesha mumewe simu. Salehe alitupa jicho mara moja, akaguna, akaenda kuoga.

Siku ya tatu, mchana, Salehe aliwapakia vijana wawili mjini, wakienda Mazimbu. Njiani mmoja alitoa simu. Wakainamia pamoja, wakacheka. Salehe naye akatabasamu mbele, kwa sababu abiria akifurahi, safari huwa fupi. Kisha akasikia sauti ya mwanamke kutoka kwenye simu ile.

"Haya mwanangu, waoneshe!"

Sauti ile ilikuwa imemwamsha kila asubuhi kwa miaka tisa.

Salehe alisogeza bajaji pembeni ya barabara. Akageuka, akaomba naye aone. Kijana akampa simu bila wasiwasi. "Cheki huyu dogo, mzee," alisema. "Balaa."

Salehe akaona dera la njano. Chini ya video yalikuwa maneno ya watu, mengi, marefu kuliko alivyoweza kuyasoma. Salehe si msomaji wa haraka, lakini alisoma yaliyomtosha. Wanaume wazima wasiomjua Zuhura walikuwa wakimsema mtoto wa miaka sita kwa maneno ambayo hayasemwi hata kwa mwanamke mzima. Hayaandikiki hapa. Video haikuwa tena kwenye status ya Mwamvita. Ilikuwa kwenye ukurasa wa mtu asiyejulikana, na walioitazama walikuwa wengi kuliko watu wote wa Mafiga.

Alitakiwa kusema, "Huyu ni mwanangu." Maneno yalifika kooni, akayameza kama kawaida yake. Alirudisha simu. Akawafikisha vijana Mazimbu, akapokea nauli, akasema asante. Ile asante ilimchoma kuliko yote aliyoyaona.

Siku hiyo bajaji ilikata kona ya duka la Alois bila honi. Lakini Zuhura aliujua hata mlio wa injini. Alitoka mbio, akaanza kuucheza ule mlio, kwa mtindo mpya aliofundishwa kwenye shughuli. Dera la njano lilikuwa limefuliwa, limeanikwa kwenye kamba.

"Acha!" Salehe alifoka.

Mtoto alidhani ni mchezo. Akaendelea.

Salehe aliuchukua mkasi mweusi juu ya meza ya cherehani. Akalivuta dera kutoka kwenye kamba, akalikata mbele ya mtoto. Alilikata mara mbili, mara tatu, mara nne, vipande vikaanguka mavumbini. Majirani walisimama na ndoo zao. Akasema kwa sauti, wote wakasikia, "Umenitia aibu mji mzima. Nikikuona unacheza tena, utanitambua."

Zuhura hakulia. Alitazama vipande vya njano, kisha akamtazama baba yake. Kila siku mchezo wao ulikuwa na mwisho wake, na sasa hakujua afanye nini kingine ila ule mwisho.

"Shikamoo baba," alisema.

Salehe hakuitikia.

Mwamvita alitoka jikoni akakuta hayo. Ugomvi wa siku ile hauna haja ya kuelezwa wote. Mwamvita alisema kwamba kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mtu wa Kondoa hana amri ya kumkatia nguo. Salehe alisema basi ukoo huo ukasome yaliyoandikwa juu ya mtoto wao. Akamtajia ukurasa. Mwamvita akaufungua kwenye simu yake, akasoma akiwa amesimama. Kisha akakaa chini, pale pale mlangoni, na hakusema tena habari za ukoo.

Aliifuta video kwenye simu yake papo hapo. Haikusaidia. Binamu yake alikwisha kuihifadhi, akampa shoga yake, naye shoga akaituma kwenye kundi, na kutoka huko hakuna aliyejua imepita mikononi mwa nani. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kuanzia siku ile nyumba ilipoa. Salehe alirudia kupiga honi kwenye kona, mara mbili, kama zamani. Hakuna aliyetoka. Akiingia ndani alimkuta Zuhura amekaa kwenye mkeka. "Shikamoo baba," mtoto alisema, macho chini. Cherehani ilipolia, mguu wake mmoja ulianza kugonga sakafu wenyewe. Hapo mtoto aliweka mikono yote miwili juu ya goti, akaukandamiza mguu mpaka utulie.

Salehe aliona hayo, na tuseme kweli, mwanzoni alifurahi. Alijiambia kwamba sasa adabu imeingia.

Shule zilipofunguliwa, wiki ya pili, Mwalimu Editha wa chekechea aliwaita wazazi wote wawili. Mwalimu Editha ni mama mfupi wa sauti ya chini, na watoto humsikia kuliko wale wanaopiga kelele. Aliwakalisha kwenye vile viti vidogo vya watoto. Salehe alikaa magoti yakiwa karibu na kidevu. Walitazama ukutani, kila mmoja upande wake.

Mwalimu alisema kwamba asubuhi watoto hucheza kwenye duara, huimba, hupiga makofi, huruka. Zuhura ndiye aliyekuwa akiwaongoza. Siku hizi anasimama pembeni, mikono amefumbata. Hata makofi hapigi.

"Nilimuuliza kwa nini," alisema Mwalimu. "Akaniambia, baba ataona. Nikamwambia, baba yuko kazini. Akasema, baba anaona kwenye simu."

Salehe alisogea kwenye kile kiti. Alianza kujitetea. Alisema yeye alizuia uchafu, na baba asiyezuia uchafu si baba. Alisema mkewe ndiye aliyempeleka mtoto kwenye ngoma za wakubwa, ndiye aliyemshonea sare, ndiye aliyemrekodi. Alizungumza sana siku ile. Maneno ya miaka yote aliyokuwa akiguna yalitoka kwa pamoja. Mwamvita alilia kimya, akijifuta kwa ncha ya khanga.

Mwalimu alimwacha amalize. Kisha akauliza kwa upole, "Baba Zuhura, Zuhura anapenda wimbo mmoja. Aliuimba hapa kabla ya likizo, wenzake wakaushika. Ilibidi niwakataze, maneno yake ni mabaya. Unaujua?"

Akamtajia maneno mawili ya mwanzo, kwa sauti ya chini, na hata hayo aliyasema akitazama mlangoni.

Salehe aliujua. Nani hakuujua mwaka ule?

"Nilimuuliza ameujifunzia wapi. Nilidhani atasema kwenye shughuli. Akasema, tunaimba na baba kwenye bajaji, tukija shule."

Nje watoto walikuwa wakihesabu kwa pamoja, moja, mbili, tatu.

Salehe alikumbuka. Flashi ya redio ya bajaji alijaziwa nyimbo kwenye kibanda karibu na stendi, kwa ajili ya vijana wa chuo, maana hawapandi bajaji isiyo na muziki. Kila asubuhi Zuhura alikaa kiti cha nyuma, wimbo ukipigwa, akiimba neno kwa neno. Salehe alikuwa akifurahi. Wakati mwingine aliongeza sauti. Maneno hakuyasikiliza hata siku moja, kwa sababu dereva husikiliza magari. Mtoto ndiye aliyeyasikiliza.

Alitaka kusema kitu. Akainama, akaanza kuchezea ufunguo wa bajaji.

Aliyesema ni Mwamvita. Hakumsema mumewe. Alisema, "Mwalimu, kwetu Kinole ngoma ya mwali ina ua. Wanazungushia nyasi. Mtoto ambaye hajachezwa unyago haingii. Mimi nilipokuwa kama Zuhura nilichungulia, bibi yangu akanifukuza kwa kijiti mpaka mtoni. Nililia sana. Nikajiambia, nikizaa, wangu hafukuzwi." Akajifuta tena kwa khanga. "Huku mjini hakuna ua. Kuna turubai, na turubai halina mlango. Ngoma tuliishusha mjini, ua wake tukauacha mlimani."

"Basi umeshasema nusu ya yale niliyotaka kusema," alisema Mwalimu Editha.

"Sasa acheze au asicheze?" aliuliza Salehe. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Acheze," alisema Mwalimu. "Mtoto anapocheza anajifunza kusimama imara, kusikiliza, kuhesabu, kungoja zamu yake, kukaa na wenzake. Anakua. Kumkataza kucheza kabisa ni sawa na kumkataza kukimbia. Lakini acheze ya mtoto. Aruke, azunguke, aige kuku, aige mvua, abuni yake. Ile mitindo ya wakubwa ina maana zake, na mtoto hazijui. Yeye anaiga miondoko tu; maana yake anaiona mtu mwingine. Na mwingine huyo hana nia njema kila mara. Umeyasoma mwenyewe."

"Nitajuaje wimbo unaofaa? Mimi si mtu wa muziki."

Mwalimu alifikiri kidogo. "Una mama mkwe?"

"Yupo. Kinole."

"Wimbo ukipigwa, jiulize kama unaweza kuuimba mbele ya mama mkwe wako, maneno yote, bila kuruka. Kama huwezi, usiuweke kwenye kinywa cha mtoto."

Mwamvita, pamoja na machozi yake, nusura acheke.

Mwalimu aliendelea. Alisema mtoto asitunzwe noti kwa kucheza, maana atajifunza kwamba mwili wake unachezeshwa kwa fedha ya mkubwa. Avae nguo ya kurukia. Akisema hataki kucheza mbele ya wageni, aachwe, hata kama wageni ni mashangazi. Na picha yake ibaki nyumbani. Ukishaiweka kwenye simu ya watu, alisema, si yako tena wala si yake.

Kuhusu video ile, aliwaambia wasikae wakilia. Waripoti ukurasa ule, na kila ndugu afanye hivyohivyo. Wamwone afisa ustawi wa jamii wa kata, na wakihitaji waende dawati la jinsia na watoto polisi. Ipo pia namba 116 ya kusaidia watoto, kupiga ni bure. Hakuwadanganya. Alisema huenda isifutike yote.

Walipoinuka, Salehe alibaki nyuma kidogo. Aliuliza nani amwambie mtoto kwamba sasa anaweza kucheza.

"Aliyelikata dera," alisema Mwalimu Editha. "Mtoto alicheza alichofundishwa na wakubwa, kwa wimbo aliopewa na wakubwa, na wakubwa wakampigia vigelegele. Kisha mkubwa mmoja akaja akamwadhibu yeye. Kwa akili yake ya miaka sita, hilo analielewaje?"

Salehe alisema baadaye kwamba swali lile lilimkaa kifuani kama mfupa wa samaki.

Jioni alichuchumaa mbele ya Zuhura. Alimwambia kwamba hakufanya kosa lolote. Wakubwa ndio waliokosea, na yeye baba alikosea zaidi. Alimwambia anaweza kucheza. Zuhura alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, baba," alisema.

Kisha akaenda kukaa kwenye mkeka. Mdomo wake ulikuwa umesamehe. Miguu yake haikuwa imesikia.

Yaliyofuata yalikuwa kazi ya taratibu, na si wote walioipenda. Salehe aliitoa flashi ile, akaivunja kwa jiwe. Akanunua nyingine, akachagua nyimbo moja moja, akizisikiliza mwenyewe maneno yote huku akimfikiria mama mkwe wake. Zilibaki chache. Baadhi ya vijana wa chuo walimtania, wengine wakahamia bajaji zenye kelele zaidi. Akawaacha waende.

Mwamvita alikwenda kwa ndugu zake nyumba kwa nyumba, akiwaomba wafute video. Wengi walifuta. Dada yake, mama wa mwali, alisema Mwamvita sasa anajifanya bora kuliko ukoo. Mpaka leo wanasalimiana kwa mbali. Lakini shughuli iliyofuata mtaani ilikuwa na kitu kipya. Wanawake walipokaribia kuanza ngoma yao, Mwamvita alipiga makofi, akawachukua watoto wote mpaka kwake, akafunga geti. Huko waliruka kamba, wakacheza rede, wakaimba nyimbo zao. Mama mmoja alinung'unika kwamba mtoto wake anakoseshwa raha. Watatu walimshukuru. Shughuli ya baada ya hapo, mtu mwingine alipiga makofi kabla yake.

Ukurasa ule uliondolewa. Mwezi wa kumi mteja mmoja alimwambia Mwamvita, kwa nia njema, kwamba ameiona video kwenye ukurasa mwingine. Mwamvita aliripoti tena. Anaripoti mpaka leo. Haina mwisho, na Mwamvita anajua kwamba siku moja Zuhura atakuwa mkubwa, ataikuta, na ataisikia sauti ya mama yake ndani.

Mwezi wa kumi na moja yalikuwa mahafali ya chekechea. Watoto walikuwa na mchezo wa kulima mahindi, wenyewe wameubuni pamoja na mwalimu wao. Wengine mvua, wengine mbegu, wengine nyani waharibifu. Mwamvita alishona nguo zote, pana, za kurukia. Zuhura alikuwa mvua. Mwalimu Editha alisema mtoto ameanza kurudi. Kwanza makofi, kisha miguu, kidogo kidogo.

Kabla ya kuanza, Mwalimu aliwaomba wazazi wote waweke simu mfukoni, waangalie kwa macho waliyopewa na Mungu. Waliguna, wakaweka.

Ngoma ikalia. Mvua ikaanza kunyesha, watoto sita wakichezesha vidole juu ya vichwa. Zuhura alikuwa wa tatu. Alikuwa akitabasamu. Kisha akatazama watu, akamwona baba yake kwenye mstari wa pili.

Mikono ilishuka. Ikashika goti.

Salehe aliiona mikono ile ikishika goti. Hakungoja. Aliinuka, akapita akiinama mbele ya wazazi wenzake, akatoka nje ya turubai. Watu walidhani amepigiwa simu na abiria. Alisimama nyuma ya bajaji yake, akiiegemea. Alisikia ngoma, akasikia miguu midogo mingi, akasikia wazazi wakicheka walipoingia nyani. Kisha Mwamvita akapiga kigelegele kimoja kirefu, na kwa kigelegele kile Salehe akajua kwamba mvua imenyesha.

Mchezo ule haukurekodiwa na mtu. Wazazi wote wa chekechea waliuona, isipokuwa yeye, na hatauona kamwe. Ndivyo ilivyompasa.

Tangu siku hiyo alibadili kitu kimoja. Akifika duka la Alois alizima injini, akangoja. Kutoka pale alisikia cherehani, na akitega sikio alisikia miguu ikicheza barazani. Alois alimuuliza kama bajaji ina hitilafu. Salehe akasema inapoa kidogo. Miguu ikiacha, ndipo aliwasha, akaingia mtaani, akapokea shikamoo yake.

Jioni moja ya mwezi wa kumi na mbili alifika, akamkuta Zuhura anamsubiri nje. Mtoto alisimama karibu na gurudumu la mbele, akilisugua kwa kidole cha mguu.

"Baba."

"Naam."

"Piga honi."

Salehe aliweka mkono kwenye honi.

"Lakini utazame kule," alisema Zuhura, akanyoosha kidole kwenye milima.

Salehe akageuka kwenye kiti chake, akampa mgongo. Mbele yake ilikuwa Uluguru, wingu limekaa juu. Akapiga honi mara mbili. Pii, pii. Kisha akaipiga kwa mapigo, kama zamani. Nyuma yake alisikia miguu ikianza kukanyaga mavumbi, kwanza polepole.

"Usigeuke, baba."

"Sigeuki."

Aliendelea kupiga. Miguu iliongeza mwendo, ikazunguka, ikaanguka, ikainuka. Majirani walisimama na ndoo zao, wakatazama, nao waliona kila kitu. Salehe aliona mlima tu. Macho yalimjaa, lakini hakugeuka, mpaka miguu iliposimama yenyewe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu," alisema Salehe, akiwa bado anatazama mlima.